Kamera ya Kaka na Mshale Uliokwama

Kaka yangu alipoondoka kwenda kusoma ng'ambo aliniachia vitu viwili: baiskeli isiyo na breki, na kamera. Baiskeli nilikwisha kuizoea. Kamera alinifundisha alasiri moja tu, tumesimama nyuma ya zizi la Baba, naye ana haraka ya mtu ambaye basi lake linaondoka kesho.

"Ukichungulia hapa juu utaona mshale na duara dogo," aliniambia. "Zungusha hii mpaka mshale uingie ndani ya duara. Ukiingia, bonyeza. Usipoingia usibonyeze, utaharibu filamu. Mengine yote sahau."

Nikayasahau mengine yote, kama alivyosema.

Kamera hiyo alipewa na mzungu mmoja mpima miamba ambaye kaka alimfanyia kazi ya ukarani. Mbele, juu ya lenzi, ilikuwa na kioo chenye vinundu vingi vilivyobanana kama sega la asali. Kioo kile ndicho kilichopokea mwanga na kuusukuma mshale. Hakikuhitaji betri wala kitu kingine, jua tu, na jua kwetu Singida halijawahi kuadimika.

Mwaka wa pili baada ya kaka kuondoka, Baba alifariki. Tulimzika kando ya zizi lake la ng'ombe, tukapanga mawe juu, na Mama akapanda mti wa mnyaa kichwani pa kaburi. Barua ya msiba ilichukua wiki nyingi kumfikia kaka. Jibu lake lilipokuja lilikuwa fupi. Aliandika kwamba hana nauli ya kurudi kabla masomo hayajaisha, na akaomba jambo moja: tumpigie picha ya kaburi, aone mahali baba yake alipolala.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Ihanja, kijana, na kamera ilinipa sifa. Niliwapiga picha walimu wenzangu. Nilipiga timu ya mpira. Nilimpiga binti mmoja niliyetaka anione wa maana, mara nne, na yeye akaolewa na mtu wa Manyoni. Likizo moja nilikwenda Sekenke kwa mjomba wetu, aliyekuwa akichuja mchanga wa machimbo ya zamani ya dhahabu, nikampiga picha akiwa na karai lake, halafu nikaitua kamera juu ya magunia ya mchanga mweusi tukaenda kula. Kaburi la Baba lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Nilijiambia kaburi halitembei. Kaka aliuliza tena katika barua ya pili, na katika ya tatu hakuuliza.

Ndipo ukaja wakati wa amri ya serikali, watu wote kuhamia vijiji vya ujamaa.

Balozi wetu wa nyumba kumi alifika Jumatatu asubuhi, upepo wa kiangazi ukimpeperusha shati. Alikuwa mdogo kwa Mama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kusema kwamba zamu yetu imefika. Lori litakuwa hapa Jumamosi asubuhi. Chukueni nafaka, vyombo, na miti ya dari mkitaka. Huko kijijini kiwanja chenu kimeshapimwa."

Mama alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta. Balozi alipokwisha kwenda, aliweka ungo chini akasema kwa Kinyaturu, maana Kiswahili alikitumia kwa wageni tu: "Nitahama. Wenzangu wote wanahama, nitabaki na nani? Lakini mtoto wangu mkubwa hajamwona baba yake alipolala. Kuta hizi zikianguka, nani atamwonyesha?"

Kisha akanitazama. "Ile kamera ipo?"

"Ipo, Mama."

"Ina filamu?"

"Imebaki picha saba."

"Zinatosha," alisema. "Leo piga."

Nikaileta kamera nje, nikaielekeza kwenye zizi, nikachungulia. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Nikaielekeza juani. Mshale haukutikisika. Nikaipiga kofi ubavuni, kama mtu anavyoipiga redio, nikaipuliza, nikakipangusa kioo kwa shuka. Mshale ukabaki palepale kama kijiti kilichogandishwa kwenye gundi.

"Vipi?" Mama akauliza.

"Kesho, Mama. Jua limekuwa kali mno."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Usiponielewa utaniona mjinga, na labda nilikuwa mjinga kweli. Lakini mimi kamera niliijua kwa mshale tu. Bila mshale, zile namba zilizozunguka lenzi zilikuwa kwangu kama maandishi ya dini nisiyoijua. Filamu nyingine haikuwepo. Madukani hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha. Kwenda mjini Singida na kurudi kwa baiskeli ile kungekula siku mbili, na mtama ulikuwa bado kwenye vilindo, maghala yetu ya magome, dari haijabomolewa, na mwanamume nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Picha saba, siku tano. Nikaamua kuifungua kamera mwenyewe.

Nilichukua spoki ya baiskeli, nikainoa ncha juu ya jiwe la kunolea mpaka ikawa bapa na nyembamba kama kucha. Jumanne mchana nikakaa mlangoni mwa nyumba yetu ya tembe, mahali ambapo mwanga unaingia na upepo hauingii sana. Nikatandika kitambaa cheupe cha Mama kilichobaki kutoka kwenye msiba, ili skrubu zisipotee. Zilikuwa skrubu ndogo kuliko mbegu za uwele. Ya kwanza iligoma kabisa. Ya pili iliruka, na nilitumia muda wa kuchota maji kisimani na kurudi nikiitafuta kwenye vumbi kwa vidole. Mama alipita na kapu kichwani, akapita tena.

Kifuniko cha juu kilipotoka, niliona nyaya mbili nyembamba kama nywele zikitoka kwenye lile sega, zikienda kwenye kitu kidogo cha duara. Nilifurahi kwa kuwa nyaya hazikukatika. Kile kitu cha duara kilikuwa na sumaku, na katikati yake koili ndogo ya waya iliyobeba mshale, na juu ya koili springi iliyojizungusha kama ya saa ya mkononi, nyembamba hata nikiitazama kwa jicho moja ilitoweka.

Na kwenye ule upenyo mdogo kati ya sumaku na koili, zilikuwa zimesimama chembe nyeusi, moja juu ya nyingine, kama ndevu.

Nilizitambua mara moja. Ulikuwa mchanga mweusi wa Sekenke. Mjomba alikuwa na sumaku yake iliyofungwa kitambaa, akiipitisha kwenye karai ili chembe za chuma ziirukie, dhahabu ibaki. Kamera yangu nilikuwa nimeilaza juu ya magunia yale, na sumaku yake nayo ilifanya kazi ya sumaku. Nilikaa pale mlangoni nikisikia moto usoni. Basi haukuwa uchakavu, wala bahati mbaya. Ulikuwa mkono wangu mwenyewe.

Nilijaribu kupuliza. Chembe zilitikisika zikarudi. Nilijaribu ncha ya spoki, lakini spoki ni chuma. Sumaku iliivuta, mkono wangu ukayumba, nikaichomoa haraka. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama juu yangu.

"Imekufa?"

Sikuweza tena kusema habari za jua. "Imeingia mchanga, Mama. Mchanga wa chuma. Hautoki."

Akachuchumaa. Macho yake yalikuwa yameanza kushindwa kuona vya karibu, lakini aliinamia kamera kama anayemtazama mtoto mwenye kibanzi jichoni. "Kitu kidogo hivi hukitoi kwa kukipiga," alisema. "Kinatolewa kwa kunata."

Akaingia ndani, akarudi na kipande cha nta kutoka kwenye chombo cha asali, na mwiba mrefu wa mgunga. Akaifikicha nta mpaka ikalainika, akaifunga kwenye ncha ya mwiba kwa ustadi, akanipa.

Jumanne hiyo na Jumatano yote nilitoa chembe moja moja. Nilijifunika kanga ya Mama kichwani mpaka mabegani ili vumbi lisiingie, nikafanya kazi humo ndani ya joto la pumzi yangu. Nagusa, nanyanyua, nafuta nta, nafanya upya. Jioni nilikwenda kubomoa dari ya tembe. Jumatano hiyo hiyo majirani wa upande wa mashariki waliondoka, lori likiwa limebeba mpaka mizinga ya nyuki, na mbwa wao akalifuata hadi alipochoka.

Alhamisi asubuhi ilikuwa imebaki chembe moja, chini kabisa, mahali pabaya. Niliteremsha mwiba. Nikasikia, au labda sikusikia ila nilihisi kidoleni, ukigusa springi.

Niliutoa mwiba. Springi ilikuwa imepinda upande mmoja, mzunguko wake mmoja umekaribia kugusa mwingine. Nilitoka pale nikaenda nyuma ya zizi, nikasimama mbele ya mawe ya Baba, nikalia kwa sauti ambayo sikuwa nimelia siku ya kumzika. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba nilipiga picha timu ya mpira. Nilimwambia habari za yule binti. Mama lazima alisikia, kwa sababu niliporudi alikuwa amekaa mlangoni pangu, anakilinda kitambaa kile kuku wasikikanyage.

"Maliza," alisema tu.

Kwa ncha ya mwiba bila nta niliivuta ile springi, upana wa unywele, nikapumua, nikaivuta tena. Ilirudi karibu na ilivyokuwa. Karibu. Nikaitoa ile chembe ya mwisho. Nikaigeuza kamera lile sega likatazama nje.

Mshale ukapanda.

Nilipiga kelele. Mama akachungulia, akaona kitu chekundu kikipanda na kushuka kila nilipopitisha kiganja mbele ya kioo, akapiga vigelegele peke yake, katika boma ambalo nusu ya dari yake ilikuwa chini.

Jambo moja nililiona, na sharti niliseme. Nilipokifunika kioo kabisa kwa mkono, mshale haukushuka hadi chini. Ulisimama juu kidogo ya mahali pake pa zamani, kama mtu anayekataa kukaa. Niliona, nikajiambia si neno. Nilikuwa nimechoka, na kesho yake ilikuwa siku ya mwisho.

Ijumaa nilipiga picha zote saba. Ya kwanza kaburi lenyewe, mawe na mnyaa. Ya pili kaburi na zizi. Ya tatu Mama amesimama kando ya mawe, amevaa nguo yake ya kwenda kanisani. Nyingine nilipiga tembe kutoka mbele, mlango, na Mama ndani jikoni kwake kwa sababu aliomba. Kule ndani palikuwa na giza, mwanga wa mlangoni tu, lakini mshale ulipanda kwa raha, ukadai kwamba mwanga ni mwingi. Nilishangaa. Macho yangu yaliniambia kuna giza. Nikaamini mshale, nikapunguza tundu la lenzi kama ulivyotaka, nikabonyeza. Ya mwisho nilipiga saa kumi na mbili jioni, Mama ameegemea mnyaa, na kila mara mshale uliingia kwenye duara vizuri, kama kaka alivyonifundisha.

Jumamosi lori lilikuja. Mama alipanda juu ya magunia bila kugeuka nyuma.

Wiki ya pili nilikwenda Singida mjini kwa mzee mmoja mwenye studio ya picha, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara, mpole, anayenukia dawa za kusafishia filamu. Nilimwamkia, nikampa filamu, nikakaa kwenye benchi lake. Alipotoka chumba cha giza alikuwa ameining'iniza mbele yake kwa vidole viwili, na nilijua kwa jinsi alivyokuwa anatembea.

"Mwalimu, hizi za mpira na za mchimba dhahabu ni nzuri," alisema. "Hizi saba za mwisho ulipigaje?"

Akaniinulia filamu dirishani. Tano zilikuwa tupu, zinapitisha mwanga kama kioo. Mbili zilikuwa na kivuli hafifu, kama mvuke.

"Kipima mwanga kilikuwa kibovu. Nilikitengeneza," nikasema.

"Kinasema mwanga upo wakati haupo. Kimekufanya uifunge lenzi." Aliniuliza nilitumia kasi gani, tundu gani, nami nikamtajia. Akatikisa kichwa taratibu. "Mwanangu, jua letu hili halihitaji mshale. Mchana, kiangazi, mbingu nyeupe, namba ni zilezile kila siku. Ningekuandikia kwenye kikaratasi. Ungemtuma hata mtu wa basi aje aniulize."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Siku tatu chini ya kanga. Springi ile. Na jibu lilikuwa kikaratasi.

Alijitahidi. Aliisafisha moja ya zile mbili kwenye karatasi ngumu, ile inayokoleza vivuli, akairudia, akairudia. Kilichotokea ni umbo la mwanamke aliyesimama kwenye ukungu. Ilikuwa ile picha ya tatu, ya Mama kando ya mawe. Uso haukuwepo, mawe hayakuwepo, na mnyaa ulikuwa mstari.

Niliendesha baiskeli kurudi kwenye kijiji kipya nikitunga maneno. Mama alikuwa anakandika ukuta wa nyumba mpya, udongo hadi kwenye viwiko.

"Zimetoka?"

"Zimetoka, Mama. Nzuri sana. Nimezituma zote kwa kaka hukohuko posta."

Akafuta mikono, akawaambia majirani wapya. Jioni ile alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu kuhama. Mimi sahani yangu niliisukuma kando. Nilimwandikia kaka barua, nikamweleza kila kitu, tangu gunia la Sekenke hadi springi, nikaambatanisha ile picha moja ya ukungu, nikamwomba asimwambie Mama.

Jibu lake lilifika baada ya miezi mitatu. Mama alinitaka nimsomee mbele ya wanawake waliokuwa wanatwanga naye. Kaka alikuwa ameandika kwamba amezipokea picha. Amemwona Mama, hajazeeka. Ameliona kaburi la Baba, mawe yamepangwa vizuri, na ule mnyaa uliopandwa miguuni umeota sana. Amelia, halafu amepata amani.

Wanawake walisema maskini, Mungu amsaidie. Mama akasema, "Hapo pa mnyaa soma tena."

Nikasoma tena. Mnyaa uliopandwa miguuni.

Yeye ndiye aliyeupanda, kichwani. Aliushika mchi wake, akaendelea kutwanga. Siku ya tatu, Jumapili baada ya ibada, alisema, "Chukua daftari lako la shule. Twende."

Tulitembea kwa muda wa saa nne hadi boma la zamani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshakula kuta. Tembe lilikuwa kilima cha udongo mwekundu. Zizi halikuwepo. Nilianza kusema, "Mama, zile picha..."

"Najua," alisema. "Tangu siku ile uliporudi najua. Mtu aliyepata picha nzuri hakatai chakula kama ulivyokataa wewe. Andika."

Akaenda kwenye jiwe kubwa la njia panda, jiwe ambalo hakuna lori lingeweza kulibeba, akalipa kisogo, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti, nami nikimfuata na penseli. Hatua sitini kuelekea kilima chenye mawe mawili. Hapo geuka upande jua linapozama. Hatua ishirini na nane. Hapo ndipo palipokuwa mlango. Kutoka mlangoni hatua kumi na saba, mkono wa kulia. Akasimama. Mnyaa ulikuwepo, umekatwa na mbuzi lakini hai. Akapiga magoti akaanza kung'oa majani kati ya mawe, na mimi nikaweka daftari chini nikapiga magoti upande wa pili. Tuling'oa mpaka mawe yote yakaonekana.

Kaka alirudi baada ya miaka mingi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na karatasi ile ya daftari, niliyomtumia kwa posta, ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wa koti. Mahali pote palikuwa shamba la alizeti la mtu mwingine, na mnyaa ulikuwa umeng'olewa zamani. Alikataa nimwonyeshe. Alisimama kwenye jiwe, akahesabu mwenyewe, sitini, ishirini na nane, kumi na saba, akasimama katikati ya alizeti, mbali kabisa na mahali penyewe, akatazama chini pasipo na chochote. Niliona mabega yake yakianguka.

Mama alikuwa nyuma yetu na fimbo yake. Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Baba alipokuwa hai.

"Wewe una miguu mirefu ya baba yako," alimwambia. "Hizo ni hatua zangu mimi."

Akaja akamshika mkono, wakarudi hadi kwenye jiwe, wakaanza upya, yeye mbele kwa hatua zake fupi, kaka nyuma yake akijitahidi kukanyaga mahali alipokanyaga. Walipofika Mama alipiga ardhi kwa fimbo, na chini ya udongo jiwe likalia. Kaka akavua kofia. Nilisimama kando, nikawaacha wawili hao peke yao.